Testa, Mita, Kisomaji cha Simu au Mashine ya Gereji: Kipi Kitangulie Umeme wa Gari Unaposumbua

Mtu ambaye gari lake limeanza kusumbua umeme hupata ushauri wa kila namna ndani ya siku moja. Jirani humletea testa ya balbu, yaani ncha kali yenye balbu ndogo inayowaka ikikuta umeme, mfanyakazi mwenzake humsihi anunue kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na kusoma kwa simu, fundi umeme humwambia alilete gari lipimwe kwa mashine, na mwingine humwambia aachane na yote hayo, abadilishe betri. Hakuna kati yao anayesema uongo. Tatizo ni kwamba kila kifaa kina swali lake, na ukikiuliza swali lisilo lake kitakujibu vilevile, kwa uhakika uleule, na jibu litakuwa limekupoteza. Nimeshuhudia altaneta (jenereta za kuchajia betri) nzima zikitupwa na kontroli boksi (kompyuta za gari) zikinunuliwa bure kwa sababu hiyo, ndiyo maana naweka vifaa hivi bega kwa bega hapa, kwa ajili ya mwenye gari anayetaka kujua anunue nini kwanza na aende gereji wakati gani.

Tuanze na gari lenyewe, kwa kuwa ndilo lililobadilika. Katika gari la miaka ya 1980, swichi ya feni au ya taa ilikuwa mlango wa umeme wenyewe: ukifuata waya kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye swichi, na kutoka kwenye swichi hadi kwenye mota, lazima ungekutana na kosa njiani. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ilitambulisha mfumo wa mawasiliano uitwao CAN, ambao huziwezesha kompyuta za gari kuzungumza kwa nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja, na tangu miaka ya 1990 mfumo huo umeenea hadi kwenye magari madogo tunayoyaagiza kutoka Japani. Sasa swichi ya dirisha inaweza kuwa haipitishi umeme wa mota hata kidogo; inatuma ujumbe kwa kompyuta ya bodi, na kompyuta hiyo ndiyo inayoamua. Kwa hiyo kosa la umeme katika gari la leo lina sura mbili: ama umeme haufiki, ama ujumbe haufiki. Testa na mita, yaani kipima volti, ampea na ukinzani, hutafuta la kwanza. Kisomaji na mashine hutafuta la pili. Karibu kila kosa la uchaguzi ninalolijua limetokana na kuchanganya haya mawili.

Testa ya balbu ndiyo yenye bei ndogo kuliko vyote, na wapo wanaoidharau kwa sababu haina namba. Nguvu yake ni kwamba inavuta umeme. Balbu yake ya kawaida huvuta takribani ampea 0.2 au 0.3, ilhali mita ya kidijitali huvuta umeme mdogo mno kiasi cha kutohesabika. Muunganiko ulioliwa na kutu unaweza kuonyesha volti 12 kamili kwenye mita, mwenye mita akaapa kwamba waya ni mzima, kisha testa ikigusishwa palepale balbu ikafifia au ikakataa kuwaka kabisa. Kwa fyuzi, relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), honi, taa za breki na tundu la kuchajia simu, testa hutoa jibu kwa sekunde chache na halihitaji kutafsiriwa. Kwa vitu vinavyokula umeme mwingi kama feni ya rejeta, hata testa haitoshi. Hapo mafundi wazoefu huchukua balbu ya taa kubwa ya wati 55, ambayo huvuta zaidi ya ampea 4, na kuiunganisha mahali pa feni ili waone kama waya unabeba mzigo kweli.

Hatari yake inatokana na hukohuko kuvuta. Nyaya nyembamba zinazoingia kwenye kompyuta, nyaya za sensa na zile mbili za mawasiliano hazikuundwa kulisha balbu, na testa ikiguswa huko inaweza kuunguza njia ndani ya kompyuta. Zaidi ya hayo, ile ncha kali huwashawishi watu kutoboa ganda la waya. Kwa gari linaloishi Tanga, Mombasa au Unguja, tundu hilo dogo ni mlango wa hewa ya chumvi, na baada ya msimu mmoja wa mvua waya huwa wa kijani kwa ndani huku nje ukionekana mpya. Ni afadhali kuingiza sindano ya kupimia kwa nyuma ya soketi kuliko kutoboa.

Mita ndiyo nitakayoitetea kwa urefu, kwa kuwa ndiyo inayorukwa mara nyingi kuliko vyote. Nitaeleza kisa kimoja cha gari langu mwenyewe, Toyota ndogo yenye usukani unaosaidiwa na mota ya umeme. Asubuhi moja baada ya wiki ya mvua, niliwasha gari na dashibodi ikajaa taa: ya usukani, ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki) na ya injini, zote kwa pamoja, na usukani ukawa mzito kama wa lori. Gereji niliyokwenda walichomeka mashine yao, msimbo (namba ya hitilafu) wa usukani ukatokea, na kijana aliyekuwa akiishika akaniambia, "Bosi, mashine imeshasema, hapa ni kontroli boksi ya usukani." Bei aliyotaja ilinifanya niombe kufikiri kwanza.

Nyumbani nilipima betri ikiwa imepumzika usiku kucha, nikakuta volti 12.5. Gari likiwa linanguruma, volti 14.1. Betri nzima, altaneta nzima. Ndipo nilipoweka waya mweusi wa mita kwenye teminali hasi ya betri na waya mwekundu kwenye bati tupu la bodi, karibu na mahali inapofungwa shokomzoba, nikamwomba mdogo wangu awashe taa kubwa na feni, kisha azungushe usukani hadi mwisho. Sehemu hizo mbili zinapaswa kuwa kitu kimoja kiumeme, na tofauti kati yake haitakiwi kuzidi volti 0.2. Mita ilipanda hadi 1.3. "Kaka, niendelee kuzungusha?" aliuliza, nami nikamwambia azime kwanza. Chini ya kibao kinachobeba betri nilikuta waya wa ethi, ule unaounganisha betri na bodi, umefungwa kwa nati yenye kutu, na kichwa cha waya kimegeuka unga wa kijani. Nilikwangua kwa msasa hadi shaba na bati vikang'aa, nikakaza nati na kupaka grisi juu yake. Kipimo kilekile kikashuka chini ya 0.1, misimbo ikafutwa na haikurudi. Kompyuta ya usukani ilikuwa imelalamika kwa haki kabisa kwamba hailishwi vizuri. Aliyeisoma ndiye aliyechukulia malalamiko yake kuwa ndiyo ugonjwa.

Hicho ndicho mita inachofanya na vingine haviwezi: inaonyesha volti zinapotelea wapi. Namba zake za msingi si nyingi. Betri ya kawaida ya asidi iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa husoma takribani 12.6 au zaidi, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, ikifika 12.0 iko karibu na kwisha. Wakati stata (mota ya kuwashia gari) inazungusha injini, volti zikishuka chini ya 9.6 katika joto letu la kawaida, ama betri imechoka ama stata inavuta kupita kiasi. Injini ikinguruma, magari mengi husoma kati ya 13.5 na 14.7. Hapa tahadhari inahitajika, kwa kuwa magari mapya zaidi huamuru altaneta ipunguze kuchaji makusudi ili kuokoa mafuta, hivyo 12.8 iliyoonekana mara moja haitoshi kuihukumu altaneta. Washa taa kubwa, feni na kikausha kioo cha nyuma, uone kama namba inapanda yenyewe.

Udhaifu wa mita ni wa aina tatu. Kwanza ule uliotajwa, kwamba volti bila mzigo zinadanganya, ndiyo maana vipimo vya maana hufanywa kitu kikiwa kinafanya kazi, au kinajaribu kufanya kazi. Pili, vitu vingi vya leo, kama feni za rejeta na pampu za mafuta za baadhi ya magari, hulishwa umeme unaokatwa na kurudishwa mara nyingi kwa sekunde, na mita huonyesha wastani usioeleweka, volti 6 au 7, mahali ambapo hakuna kosa lolote. Tatu, mita haijui kinachosemwa kwenye nyaya za mawasiliano. Inaweza tu kukuambia kama nyaya zenyewe ni nzima: betri ikiwa imetolewa, katika magari mengi yenye CAN, ukinzani kati ya pini ya 6 na ya 14 za tundu la uchunguzi, lile la kuchomekea kisomaji, huwa karibu omu 60, kwa sababu kuna vizuizi viwili vya omu 120 kwenye ncha za mtandao. Ukipata 120, ncha moja imekatika; ukipata karibu na sifuri, nyaya zimegusana mahali fulani. Kwa kipimo hicho cha dakika moja nimeona gari likiepushwa na safari ya kubadilishiwa kompyuta.

Kisomaji kidogo cha Bluetooth kinachomekwa kwenye tundu la pini 16 chini ya dashibodi na kuonyesha misimbo kwenye simu. Tundu hilo lilikuwa la lazima kwa magari mapya ya Marekani kuanzia modeli za 1996, na kwa magari ya petroli ya Ulaya kuanzia 2001. Kwa wanunuzi wa magari yaliyotumika ya Japani kuna mtego: magari mengi ya soko la ndani la Japani ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana tundu lenye umbo hilohilo, lakini kompyuta yake haizungumzi lugha ya kisomaji cha kawaida. Kifaa kinawaka, simu inaunganika, kisha ujumbe unasema hakuna mawasiliano na gari, na mnunuzi hudhani ameuziwa kifaa kibovu. Kabla ya kulipa, omba kukijaribu kwenye gari lako.

Pale kinapofanya kazi, thamani yake ni kubwa kuliko bei yake. Msimbo huanza kwa herufi: P kwa injini na gia, C kwa breki, usukani na chasi, B kwa bodi, U kwa mawasiliano. Visomaji vya bei ndogo kwa kawaida husoma P tu, na baadhi ya U. Havioni mfuko wa hewa wala ABS. Jambo la kushika ni kwamba msimbo hautaji kipuri, unataja mzunguko. P0335 inahusu mzunguko wa sensa ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), na ndani ya neno mzunguko kuna sensa, soketi yake, nyaya zake tatu au mbili, umeme unaoilisha na kompyuta inayoisikiliza. Anayesoma P0335 na kukimbilia duka la spea amecheza kamari yenye milango mitano. Faida nyingine ambayo wengi hawaitumii ni kuangalia volti ambazo kompyuta ya injini yenyewe inasema inazipata. Ukisoma 14.2 kwenye betri kwa mita, na kompyuta inasema inapata 13.1, tayari umejua kuna volti zaidi ya moja inayopotea njiani, kabla hujashika bisibisi. Vifaa hivi viwili vikitumiwa pamoja vinazidi mashine ya gereji iliyo mikononi mwa mtu mwenye haraka.

Usikiache kisomaji kimechomekwa usiku. Pini ya 16 ina umeme wa betri muda wote, na kifaa kisichozima vizuri huimaliza betri ya gari linaloegeshwa siku nyingi.

Mashine ya gereji, iwe ni ya makampuni kama Launch na Autel yanayohudumia aina nyingi, au programu za watengenezaji wenyewe kama Techstream ya Toyota na Consult ya Nissan, hufika ambako kisomaji hakifiki. Husoma kompyuta zote za gari, hutoa amri, kwa mfano kuwasha feni au kufungua dirisha kutokea kwenye skrini, na hufanya kazi za kuoanisha funguo, kusawazisha sensa ya pembe ya usukani, au kuijulisha BMW kwamba betri yake ni mpya. Ile amri ya majaribio ndiyo inayonifanya niiheshimu. Feni ikiwaka kwa amri ya skrini lakini haiwaki kwa joto, basi nyaya, relei na mota ni nzima, na msako unahamia kwenye sensa ya joto na maamuzi ya kompyuta. Jaribio moja limefuta nusu ya uwezekano. Kwa mwenye gari moja, kununua mashine ya namna hii hakuna maana. Kulipia kipimo kunatosha, ila dai upewe orodha yote ya misimbo, kwa maandishi au picha ya skrini, kabla haijafutwa. Ukiona kompyuta nne zinalalamika kwamba zimepoteza mawasiliano na ya tano, hiyo ya tano ichunguzwe kwanza fyuzi yake na ethi yake. Kompyuta isiyolishwa umeme hunyamaza sawasawa na iliyokufa.

Sasa uchaguzi kwa dalili. Kitu kimoja kimekataa, kama honi au taa: testa na chati ya fyuzi. Gari linazunguka kwa uvivu au linagonga tu bila kuwaka: mita, na wala usianze na kompyuta. Taa ya injini peke yake, gari likiwa linakwenda: kisomaji. Taa nyingi kwa mpigo: mita kwanza kwenye betri na ethi, ndipo mashine. Gari linalokataa mara moja kwa wiki na kupona lenyewe ni gumu kwa vifaa vyote. Hapo kumbukumbu ya kompyuta ya injini, inayohifadhi hali ya injini wakati msimbo ulipoingia na kusomwa kwa kisomaji, husaidia kuliko kipimo chochote cha gari likiwa zima.

Betri inayoisha usiku inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa kisomaji hakina la kusema hapo na watu huishia kununua betri ya pili na ya tatu. Gari lililolala linapaswa kuvuta takribani miliampea 50 au chini yake. Betri ya ampea-saa 45 inayovutwa miliampea 50 ingechukua zaidi ya mwezi kwisha. Ikivutwa ampea moja, asubuhi imepoteza takribani robo. Mita huunganishwa kati ya teminali hasi na waya wake, kwenye tundu la ampea 10, na hapo mtu asithubutu kuwasha gari, kwani fyuzi ya mita itakatika papo hapo. Kufuli ya mlango husukumwa kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa, kisha unasubiri nusu saa au hata zaidi, kwa sababu kompyuta hulala moja moja. Wanaopima dakika ya pili huona ampea kadhaa na kudhani wamempata mwizi. Badala ya kuchomoa fyuzi, jambo ambalo huziamsha kompyuta upya, weka mita kwenye milivolti na uguse vichwa viwili vidogo vya chuma vilivyo wazi juu ya kila fyuzi. Isiyopitisha umeme husoma sifuri, na inayopitisha husoma kiasi kidogo. Katika magari yetu ningeanza na mzunguko wa redio na wa alamu iliyofungwa baada ya gari kuingia nchini, kwa kuwa nyaya za vitu hivyo mara nyingi zimesokotwa kwa mkono na kufungwa kwa selotepu.

Tahadhari moja kabla ya kutoa betri kwa ajili ya kipimo hiki: redio nyingi za Toyota zilizoagizwa kutoka Japani hujifunga zikikosa umeme na kudai msimbo wa kuzifungua, na kumbukumbu za hitilafu zinaweza kufutika. Soma misimbo kwanza, na kama redio ina thamani kwako, lisha gari kwa betri ndogo ya akiba wakati unahamisha nyaya.

Kwa fedha za kifaa kimoja tu, nunua mita. Iwe na tundu la ampea 10 lenye fyuzi, na kitufe cha kushika namba ya juu na ya chini, kitakachokuonyesha volti zilishuka hadi wapi stata ilipozunguka. Ukivutiwa na ile yenye koleo la kukumbatia waya, hakikisha koleo linapima umeme wa betri. Nyingi zinazouzwa kwa bei ndogo hupima mkondo wa umeme wa nyumbani tu, na kwenye gari zitasoma sifuri daima. Kifaa cha pili kiwe kisomaji, na testa ije wakati wowote kwa kuwa haigharimu kitu kikubwa.

Pana nyaya za aina mbili ambazo chaguo lake si kifaa chochote kati ya hivi. Soketi na nyaya za njano ni za mifuko ya hewa, nazo zisiguswe kwa testa wala kwa mita, kwani umeme mdogo wa kipimo unaweza kuufyatua mfuko. Nyaya nene za rangi ya chungwa ni za magari ya hibridi na ya umeme. Betri kubwa ya Toyota Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina volti 201.6, na ya Toyota Aqua ya kizazi cha kwanza ina takribani 144, kiasi cha kumuua mtu. Hata hivyo magari hayohayo yana betri ndogo ya volti 12, mara nyingi chini ya kiti cha nyuma au kwenye buti, na Prius inayokataa kuwaka huku dashibodi ikiwaka na kuzima mara nyingi inadai betri hiyo ndogo tu. Hiyo unaweza kuipima mwenyewe kwa mita ileile, bila kugusa kitu chochote cha rangi ya chungwa.